Michoro Minane kwa Mama Mkwe

Mbunifu mmoja aliipenda kazi yake kupita kiasi. Kwa miezi mitano alikuwa akisanifu kurasa za programu ya wakunga, ya kuandikia kila kinachotokea tangu mama anapoingia wodi ya wazazi mpaka anapomkumbatia mwanawe. Rangi alizichagua kwa wiki mbili. Alama ndogo ya mtoto aliichora mara ishirini na tatu, mpaka mkewe akamwambia, "Huyo atazaliwa na meno sasa."

Kituo cha afya kilichochaguliwa kwa majaribio ndiko alikofanya kazi mama mkwe wake, mkunga mwenye uzoefu wa miaka thelathini. Aliona ni bahati. Akamwekea kishikwambi mezani, akamfungulia ukurasa mmoja baada ya mwingine, akieleza kila kitu kabla hajaulizwa. Mama mkwe alitazama, mikono ameipakata mapajani.

"Nzuri sana, mwanangu," alisema. "Mungu akuzidishie."

Siku hiyohiyo mbunifu akamwandikia bosi wake: wakunga wameipenda.

Wiki ya tatu ya majaribio, mkewe alirudi kutoka kumsalimia mama yake, akajitupa kwenye kiti. "Mwenzangu, mama ana maandishi mkononi kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Nimemuuliza, akacheka tu."

Kesho yake mbunifu alikwenda kituoni, akaomba kukaa kwenye benchi karibu na meza ya wakunga, mahali ambapo kazi inaonekana lakini wagonjwa wamesitiriwa na pazia. Kishikwambi alikiona kimelala chini ya trei ya pamba. Mama mkwe alitoka nyuma ya pazia mara nne asubuhi ile. Kila mara alivua glavu, akanawa, akaandika saa kwa kalamu upande wa ndani wa mkono, akavaa glavu nyingine, akarudi.

Saa nane mchana zamu ilibadilika. Mkunga aliyeingia akakichukua kishikwambi, akasoma, akaanza kuandaa sindano ya kupunguza uchungu kwa mama wa kitanda cha pili. Mama mkwe alikuwa anafunga mkoba wake. Aligeuka, akaiona.

"Weka chini hiyo! Huyo nimeshamchoma, saba kasorobo!"

"Mbona hapa patupu?"

"Patupu hapo. Hapa pameandikwa." Akanyoosha mkono. Wino ulikuwa umefifia kwa maji, lakini saa ilisomeka.

Hakuna aliyeumia. Mama wa kitanda cha pili hakujua hata kilichompita. Lakini pale kwenye benchi, mbunifu alijua pale patupu pametoka wapi. Ili kuandika sindano moja, mkunga alitakiwa kupita kurasa tano na kujaza jina kamili la mzazi. Alizichora mwenyewe, zote tano.

Jioni walikaa mezani kwa mama mkwe, yeye na mkewe.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe ni mkwe wangu. Umeniletea kitu kinang'aa kama bibi harusi, halafu mimi niseme ana kengeza?"

Hapo mbunifu akamkumbuka mwalimu aliyemfundisha kazi. Chora vibaya na chora mapema, alikuwa akisema. Kilichokwisha kupakwa rangi watu wanaona haya kukikosoa. Siku zile aliona ni ushauri kwa wanaoanza. Akachana karatasi ya daftari, akaikunja mara tatu ikawa na visanduku vinane, akajipa dakika moja kwa kila kisanduku, bila kufuta. Penseli ilikimbia. Mama mjamzito akatoka kama gunia la viazi lenye miguu.

Mama mkwe alivaa miwani, akaangua kicheko. "Huyu anajifungua au anapelekwa sokoni?" Akainyakua penseli. "Na hili jina la nini hapa juu? Katikati ya uchungu simwiti mtu kwa majina matatu. Namjua kwa kitanda." Akachora vitanda sita. "Saa niandike ya nini, na mashine ina saa yake? Na hivi vidoti vyako nivibonyeze kwa nini, kwa ulimi? Mkono mmoja umemshika mama, mwingine una damu."

"Kwa kiwiko?"

"Haya, kiwiko. Basi vifanye vikubwa kama sahani."

Mbunifu alichora upya, kila ukurasa na karatasi yake, akaweka moja mezani iwe ndiyo kioo. Mama mkwe akagonga kwa kiwiko; yeye akabadilisha karatasi kana kwamba ndiye mashine. Walipofika mahali pa kusahihisha kosa, mama akakwama. Mbunifu akafungua kinywa aeleze. Mkewe akampiga teke chini ya meza.

"Muache ahangaike. Wodini utakuwepo umweleze?"

Hatimaye mama mkwe akagusa kona ya chini, upande wa kushoto. "Mimi ningeitafuta hapa." Ikahamia hapo.

Kigumu zaidi kilikuwa kusimama mbele ya bosi. "Nilikuandikia kwamba wakunga wameipenda," alisema. "Sikuwa nimewatazama wakifanya kazi. Niliuliza tu, tena mtu mmoja, tena mkwe wangu." Bosi akaamuru majaribio yasimame, wakunga warudi kwenye daftari, na mbele ya wenzake wote akampa wiki tatu za kuichora upya. Aibu ile aliimeza. Karatasi za penseli zikajaa ukutani, na wakunga wakaja mmoja mmoja kuzigonga na kuzikosoa.

Programu iliyorudi wodini ilikuwa na rangi mbili na vitanda sita vikubwa. Mbunifu alikaa kwenye benchi siku tatu. Siku ya pili alimwona mama mkwe akitokeza nyuma ya pazia, akagonga kwa kiwiko kitanda cha nne kwenye kioo, akagonga sindano, akarudi kwa mzazi wake. Alipotoka baadaye, alipita bila kukitazama kishikwambi, kama mtu anavyopita mlango wa nyumba aliyoizoea.

Jumapili simu ikaita. Mama mkwe hakusalimia.

"We mkwe, kioo chako kinazimika nikiwa nanawa mikono. Nikirudi, giza. Nani kakwambia kilale?"

"Kinatunza chaji, Mama."

"Chaji! Njoo hapa uniambie hayo usoni."

Alikwenda alasiri. Walibishana kikae macho dakika ngapi, mama mkwe hashuki kwenye kumi na mbunifu hapandi juu ya mbili, na chai ikawapoa mezani.