Chini ya Gunia

Mwamini hanunui gunia la dagaa bila kuzamisha mkono mpaka chini. Juu kila muuzaji anaweka wazuri. Mchanga na vichwa vinalala chini. Mkono huo umekilinda kikundi chetu cha wanawake wakausha dagaa hapa Ujiji, na hilo silibishi hata mimi Yunisi, ninayeanika naye kila siku na kuumwa na ulimi wake kila siku. Shida ni kwamba mkono huo haupumziki. Sukari ya dukani anaipima upya nyumbani.

Kikundi kilipotaka kuwatangazia wateja wa mbali mzigo wa msimu huu kwa barua pepe, kazi alipewa Ummy, binti wa marehemu mdogo wake, ambaye Mwamini mwenyewe ndiye aliyemlea. Ummy anakaa Buzebazeba na anaishi kwa kutengeneza matangazo kwenye kompyuta: harusi, misiba, maduka ya Gungu. Wateja wanamfuata kwa sababu anaaminika, basi. Alituonyesha tangazo letu: jina la kikundi kwa herufi za dhahabu, dagaa wanang'aa, na Mwamini anatabasamu kashika ungo. Tulipiga vigelegele. Mwamini akasema kitu kizuri namna hiyo kinamtia wasiwasi.

Likatumwa. Mwamini akalifungua kwenye simu yake ya zamani, akakuta boksi jeupe. Jina la kikundi halipo, dagaa hawapo, yeye hayupo. Mwingine angeifunga simu. Yeye akashuka mpaka chini kabisa, na huko, kwa maandishi madogo meusi, pakawa na jina la Ummy na namba yake.

"Nimeugusa mchanga," aliniambia.

Nikamshauri amuulize mtoto. Akajibu kwamba akimuuliza atampa muda wa kutunga uongo. Mchana Anatoli, mteja wetu wa Tabora, akapiga kutaka kujua kama siku hizi dagaa wanauzwa na Ummy, maana hakuona jina jingine. Hiyo ikawa petroli kwenye moto. Hata mimi nilianza kujiuliza pesa ya ile simu mpya aliyonunua Ummy majuzi ilitoka wapi. Lakini Mwamini hakuishia kujiuliza. Aliandika ujumbe, akautuma kwa wateja wote, kwenye kundi letu la simu, na kwa kila mwenye duka wa Gungu anayemfahamu: Ummy ametuibia wateja, msimpe kazi. Nilimsihi asubiri. Kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza.

Kesho yake Ummy akaja, macho yamevimba, kakumbatia kompyuta. Akasema shikamoo mama mkubwa, hakuitikiwa. Akaiomba ile simu ya zamani, akagusa palipoandikwa onyesha picha. Mwamini akajitokeza kwenye kioo cha simu taratibu, meno yote nje, na ungo wake.

Kosa ni langu, Ummy alisema. Alikuwa ameitengeneza barua pepe kama tunavyotengeneza mabango ya harusi huku kwetu, maneno yote ndani ya picha moja. Bango likibandikwa ukutani kila mtu analiona lile lile. Barua pepe sivyo: kila programu inaifungua kwa sheria zake. Moja inaonyesha kila kitu, nyingine inaficha picha mpaka mwenye simu aruhusu, nyingine inavuruga mpangilio wote. Jina lake, pamoja na namba, liliwekwa chini na huduma ya mtandaoni aliyoitumia kutuma, ambayo humtaja mtumaji, kwa maandishi ya kawaida, kwa hiyo picha ilipofichwa likabaki peke yake. Usiku kucha alikuwa ameiandika upya kwa maneno yanayosomeka hata bila picha, na asubuhi akaijaribu kwenye simu za majirani, mpya na kuukuu.

Mwamini aliitazama sura yake kwenye kioo. Aibu ilimshika, niliiona waziwazi, ila neno samahani halikutoka. Akasema basi itumwe hiyo mpya, mambo yaishe.

"Nitaituma," Ummy alisema. Akatoa simu yake mwenyewe na kuiweka mbele ya Mwamini. Ulikuwa ujumbe wa jana wa Mwamini, aliorushiwa na watu, na chini yake wenye maduka wa Gungu, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wanamwambia asihangaike tena na kazi zao.

"Wa kwako hauna picha, mama mkubwa. Umefunguka kwenye simu zote."