Nukta ya Fabiani

Pelagia aliichora grafu ile Ijumaa mchana, ofisini Mpanda, wenzake wakiwa wameshaondoka. Alikuwa mtakwimu wa mradi wa utafiti wa mpunga. Msimu mzima wadodosaji walipita mashambani Mpimbwe wakiandika mvua, mbolea, tarehe ya kupanda na palizi, naye akaviingiza vyote kwenye modeli moja ya rigresheni ili ikadirie kila shamba lingetoa mavuno kiasi gani. Sasa aliweka makadirio kwenye mhimili wa chini, mavuno halisi kwenye mhimili wa pembeni, akavuta mstari wa mshazari. Shamba ambalo modeli imelikadiria sawasawa lingekaa juu ya mstari huo.

Nukta zikatokea, zikausogelea mstari vizuri mno hata akageuka kumwonyesha mtu. Viti vilikuwa vitupu.

Ndipo akaiona moja iliyobaki chini kabisa, upande wa kulia. Modeli ililitarajia shamba hilo kuwa miongoni mwa bora. Lakini karibu halikutoa chochote.

Akampigia Edgar, kiongozi wa mradi, aliyekuwa Dodoma.

"Itoe hiyo," Edgar alisema. "Mdodosaji kakosea kuandika."

"Na kama hakukosea?"

"Nukta moja, Pelagia! Itoe, ukapumzike wikendi."

Wikendi ndiyo aliyokuwa akiiogopa. Tangu ahamishwe kutoka Songea, chumba chake cha kupanga mtaani Misunkumilo kilikuwa hakijapata mgeni. Jumamosi asubuhi akabeba kompyuta, akapanda basi, likapita Sitalike na kukata hifadhi hadi Kibaoni, huko Mpimbwe. Bodaboda akamfikisha kwa mwenye shamba, Mzee Fabiani, aliyekuwa peke yake uani akitengeneza mpini wa jembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Pelagia akamweleza kilichomleta. Je, mavuno yaliandikwa vibaya?

"Waliandika sawa," mzee alijibu. "Mpunga ulikuwa mzuri kweli. Ulipoanza kukomaa, mke wangu Marta akafariki. Kuamia ndege tulikuwa tunaamia wawili, mimi upande huu, yeye ule, tunapiga kelele kuwafukuza mpaka jua linazama. Baada ya mazishi nilikwenda siku moja. Nikapiga kelele, upande wa pili kimya. Nikarudi nyumbani. Kwelea kwelea wakaula mpunga wote."

"Majirani hawakusaidia?"

"Walitaka. Niliwakatalia."

Kisha mzee akauliza kama mashine ya Pelagia ilijua lolote kuhusu Marta. Pelagia akasema haikujua; hakuna aliyeulizwa nani anaamia ndege. Mzee akaomba kuiona hiyo picha. Akainama karibu na kioo cha kompyuta, na Pelagia akamwonyesha nukta yake kwa kidole.

"Wenzangu wako kule wote," mzee alisema. "Mimi niko huku peke yangu."

Pelagia akakiondoa kidole kwenye kioo. "Kiongozi wangu anataka niiondoe," alisema.

"Kwa nini? Si nililima?"

Jumatatu Pelagia alimwandikia Edgar kwamba takwimu ni sahihi na nukta inabaki, na chini ya grafu akaweka maelezo: mavuno yaliliwa na ndege, shamba halikuwa na mwamiaji. Edgar hakubisha. Grafu ikaonyeshwa kwenye mkutano Dodoma, watu wakasifu jinsi makadirio yalivyokaribia mavuno, na hakuna aliyeuliza habari za ile nukta ya chini. Pelagia alikaa na jibu lake mpaka mkutano ukaisha.

Msimu uliofuata, mpunga ulipokomaa, aliomba likizo fupi akarudi Kibaoni. Mzee Fabiani alikuwa amelima kipande kidogo tu.

"Unajua kupiga kelele wewe?" alimuuliza.

"Nitajifunza."

Akamweka ng'ambo ya pili ya shamba. Kutwa nzima ndege walitua, wao wakawafukuza kwa makelele na mabonge ya udongo, kila mmoja akisikia sauti ya mwenzake bila kumwona vizuri. Walizungumza kidogo sana. Jioni ya siku ya kuondoka, mzee alimsindikiza hadi barabarani, akamshika mkono.

Pelagia alifika Misunkumilo sauti imemkauka kabisa. Akafungua mlango, akawasha taa. Sauti ilichukua siku kadhaa kurudi, na katika siku hizo hakuna aliyegundua kwamba ilikuwa imepotea.