Kipimo Kilichokuwa Juu ya Ngazi

Maabara ile ilikuwa na mazoea mabaya, na kinara wake alikuwa mtaalamu wa maabara mwenyewe, mama mwepesi wa kucheka na mgumu wa kukubali kushindwa. Kila walipohitaji damu ya mtu mwenye afya, ya kulinganishia na za wagonjwa, hawakwenda mbali: walimchoma sindano yeyote aliye karibu. Safari hii aliyekuwa karibu ni mumewe, mpaka rangi, aliyepewa kazi ya kupaka korido ya jengo lile lile.

"Mchukueni huyu," alijigamba. "Tangu anioe hajameza hata kidonge."

Walikuwa wakiiwinda protini moja ambayo, ikizidi kwenye damu, huenda ikawa inabisha hodi kabla kiharusi hakijaingia. Wameihangaikia miaka na miaka. Asubuhi hiyo mashine ilisoma damu za watu waliokwisha kupatwa na kiharusi, ikazilinganisha na ya mpaka rangi, jibu likatoka: hakuna tofauti.

Daktari aliyeongoza utafiti akavua miwani. "Basi, dada. Tumeambulia patupu."

Patupu? Mtaalamu hakulipenda neno hilo hata kidogo. Akajitoa damu yake mwenyewe, akaiweka mahali pa ile ya mumewe, akawasha mashine upya. Ukaidi tu, hakuwa na sababu nyingine.

Na tazama, namba za wagonjwa zikapanda juu ya yake, moja baada ya nyingine, mpaka daktari akaanza kupiga meza kwa kiganja.

"Imekubali, dada. Imekubali!"

Walirukaruka kama watoto waliofunga shule. Mtaalamu alicheka hadi machozi, moyo ukimwenda mbio kwa furaha. Jasho lao halikupotea bure.

"Kumbe kilichotuponza ni ile damu ya kulinganishia," daktari alisema, bado anahema. "Iko juu sawasawa na za wagonjwa. Ilikuwa ya nani?"

Mtaalamu akaacha kucheka. Alitoka mbio na glavu mkononi.

Mumewe alikuwa juu kabisa ya ngazi, anapiga mluzi, amejinyoosha kuifikia kona ya dari.

"Baba watoto, shuka."

"Nimalizie hii kona."

"Shuka sasa hivi. Taratibu. Shika ngazi kwa mikono yote miwili."

"Kwani kipimo chenu kimefeli?"

"Kimefaulu," alisema, akiishikilia ngazi kwa chini. "Kimefaulu kweli kweli. Wewe shuka tu."

Akashuka. Daktari alikwishafika na mashine ya presha. Alipima mkono wa kushoto, akarudia wa kulia, mzaha wote ukamwisha usoni.

"Presha iko juu sana. Kichwa huwa kinakuuma?"

"Asubuhi tu. Nadhani ni harufu ya rangi."

"Si rangi, kaka. Lakini tumekuwahi. Dawa zipo, na unaanza leo."

Mtaalamu alimgeukia mumewe, furaha na hofu zikigombania kifua kimoja. "Muda wote huo kichwa kinakuuma, na hukuniambia?"

Mpaka rangi akatazama viatu vyake vilivyojaa matone meupe. "Wewe si ulikuwa unawaambia watu siumwi? Nikaona nisikuaibishe."

Mkewe aliushika ule mkono wenye rangi mbichi, na hakuuachia mpaka daktari alipoleta kidonge cha kwanza.