Mrija Mmoja Uyole

Sisi watu wa Iringa baridi tunaijua, kwa hiyo Adrian, mwanangu aliye fundi wa magari Mbeya, aliposema tubebe makoti mazito, nilimcheka. Ilikuwa Julai. Tuliposhuka kwenye basi pale Uyole na upepo ukanipita katikati ya mbavu, nikaacha kucheka. Mke wangu Evarista akanifunga skafu yake shingoni bila kuniuliza, kama anavyonifanyia kila kitu tangu niugue.

Niseme wazi niliugua nini. Niliugua TB. Nilimeza dawa miezi sita, nikapimwa, daktari akasema nimepona na siambukizi mtu. Akaongeza, Evarista akiwa amekaa palepale, kwamba ugonjwa ule hupita hewani, mtu anapokohoa, wala haukai kwenye vyombo. Lakini nyumbani kulishakuwa na kikombe changu cha plastiki, cha kijani, kimetengwa peke yake rafu ya chini. Dawa zilikwisha, kikombe kikabaki. Hata kilabuni wenzangu walinimiminia ulanzi wangu, ile pombe yetu ya mianzi, pembeni, huku wakinisifu nimenenepa. Mimi ni Mhehe, hasira ninazo, nikaacha kwenda. Ndipo Adrian akatuita kwake, siku mbili tu, baba abadilishe hewa.

Jumamosi Adrian alikuwa gereji, na mwenye nyumba wake, Mzee Isakwisa, akaja kutuchukua. Alisema mgeni haondoki Uyole bila kuonja kimpumu. Njia nzima alinitania, akitaka kujua kama mbwa wa Iringa bado wamebaki au Wahehe tumewala wote. Nikamjibu wapo na wamenona, waliokonda ni Wanyakyusa kama yeye kwa kushindia ndizi. Muda mrefu hakuna aliyenitania. Watu hawamtanii mgonjwa, na mimi nilikuwa na hamu ya utani kuliko hata ya nyama.

Tukafika kwa Mama Ikupa, mpika pombe, jikoni kwake, kuna moto wa kuni na vigoda vimezunguka chungu. Kimpumu chake ni ulezi ulioota, ukasagwa, ukachachuka mpaka ukawa mzito kama ugali laini. Unatiwa chunguni, unamwagiwa maji ya moto, mnavuta kwa mrija mrefu wenye kichujio chini. Kikipungua, maji yanaongezwa. Pombe ya moto! Miaka yote nimekunywa ulanzi huku natetemeka, kumbe majirani zangu wana akili kiasi hiki.

Evarista aliomba chai. Hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Husema baba yake alikunywa sehemu yake na ya watoto wake wote.

Mrija ulikuwa mmoja. Isakwisa alivuta kwanza, maana mwenyeji ndiye anayeonja, akampa jirani yake Lugano, naye Lugano akanipa mimi. Nikaushika. Pale hakuna aliyejua habari zangu, ningeweza kuvuta tu mambo yakaisha. Nilitamani, Mungu anajua nilivyotamani, lakini nikashindwa.

"Mzee Isakwisa," nikasema, "mwaka jana niliugua TB. Nimepona kabisa. Ila sipendi mnywe na mimi bila kujua."

Lugano akakumbuka kwamba ng'ombe wake hawajapata majani. Aliaga kwa heshima zote, akatoka. Isakwisa akautazama moto. Mama Ikupa akainuka, na kwa huruma ya kweli akasema nisijali, atanichotea changu kwenye kikombe.

Kikombe. Nimepanda basi kutoka Iringa, nimepita Igawa na vumbi lake, na kikombe kimenifuata mpaka Mbeya. Nilingojea hasira zangu zije, hazikuja, na hilo likaniogopesha. Nikaanza kuurudisha mrija.

Evarista akaweka chai yake chini.

"Kaa tu, dada yangu," akamwambia Mama Ikupa. "Hahitaji kikombe. Baba Adrian, kunywa."

Nikavuta. Kimpumu kilikuwa na ukali kidogo na harufu ya moshi, na joto lake likashuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Sijameza vizuri, Evarista akauchukua mrija mkononi mwangu. Hakuufuta. Akauweka mdomoni, akavuta kama mtoto anayelazimishwa dawa, akakunja uso wote.

Isakwisa akacheka mpaka akashika goti. Akasema mama amempokonya zamu, na baridi hii haina subira, akanyoosha mkono, akavuta ndefu. Mama Ikupa akaongeza maji ya moto.

Macho ya Evarista yalikuwa yamejaa machozi. Nilidhani ni ukali wa pombe.

"Kile kikombe nilikiweka mimi," akaniambia polepole, kwa Kihehe. "Na daktari nilimsikia. Niliogopa tu."

Nilijua. Nyumba yetu ina watu wawili, nani mwingine angekiweka? Na ni mwanamke huyohuyo aliyenilisha uji kwa kijiko nilipokuwa siwezi kukaa. Nilikuwa nimemtunzia maneno miezi mingi, mengine makali sana. Nikayatafuta, sikuyaona hata moja. Mrija ulikuwa umeshanirudia. Nikavuta kidogo, nikampa.

"Vuta, Mama Adrian," nikamwambia. "Kinapoa."