Mzega wa Kamera Mbili

Kila asubuhi ya safari, Kibwana alitandika gunia mbele ya nyumba ya Bwana Lenk, akaziweka kamera mbili juu yake, akazifuta kwa ngozi laini, kisha akazifunga kwenye ncha mbili za mzega. Ya mbele ilikuwa na lenzi fupi, pana kama mdomo wa kikombe, iliyoona bonde zima kwa mara moja. Ya nyuma ilikuwa na lenzi ndefu ya shaba, iliyolivuta jiwe la ng'ambo ya mto likaja karibu hata ukaona kuvu lake. Bwana Lenk hakukubali kubadilisha lenzi njiani, kwa kuwa vumbi la Morogoro na ukungu wa Uluguru viliingia ndani na kuharibu vioo vya picha. Ndiyo maana alinunua kamera mbili na kumwajiri mtu mwenye bega pana. Popote aliposimama alipiga kwanza kwa fupi, kisha kwa ndefu. Uzito wa kamera hizo ulikuwa sawasawa. Kibwana alikuwa amechonga alama ya kisu katikati ya mti wa mzega, na alama hiyo ilipokaa begani, mti haukuinamia upande wowote.

Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kupita Ngerengere na kufika Morogoro, na Wadachi walitaka ardhi. Sheria yao ilikuwa fupi: ardhi yenye watu ni ya watu, na ardhi isiyo na watu ni ya serikali, nayo serikali humpa imtakaye. Mlowezi mmoja alikuwa ameomba mteremko wa Lugongo, juu ya Matombo, apande mpira. Boma likamtuma Bwana Lenk akaupige picha, ili wakubwa waamue bila kupanda mlima.

Kibwana hakuambiwa hayo na bwana wake. Aliyemwambia ni Akida Ahmadi, mtu wa pwani, aliyewaongoza njiani akiwa juu ya punda.

"Wakiwaona watu, wataandika watu," alisema Akida. "Wasipowaona, wataandika pori. Kwani wewe una nini na Lugongo?"

"Sina kitu," alijibu Kibwana.

Alijibu hivyo kwa sababu hakuwahi kumsikia Akida akiuliza habari za jamaa wa mtu kwa nia njema. Lugongo ulikuwa mteremko wa ukoo wa mama yake, na kwao ardhi hufuata upande wa mama. Yeye aliishi Mwembesongo, lakini kitovu chake kilizikwa Lugongo, pamoja na mama yake na bibi yake mzaa mama.

Walifika misheni ya Matombo kengele ya alasiri ikilia. Kibwana akaomba ruhusa ya kwenda kuwasalimu watu. Bwana Lenk alikagua kwanza kama vioo vyote vimo sandukuni, akaitikia kwa kichwa, kisha akasimama barazani akamtazama mpaka alipopotelea migombani.

Kule Lugongo aliwakuta wakiezua nyumba zao. Mjomba wake, Yakobo, mkubwa wa ukoo, alikuwa juu ya boriti akiyatupa chini mafungu ya nyasi, na wanawake wakiyabeba na kuyaficha msituni. Karani wa kodi ya nyumba alihesabu mapaa, wala si kuta. Kwa hiyo watu wa Lugongo waliona kuwa nyumba isiyo na paa haipo. Jivu lilikuwa limefukiwa. Mbuzi walikuwa wamekwisha kupelekwa juu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," alisema Yakobo bila kushuka. "Macho ya bwana wako umeyaacha wapi?"

Kibwana akajibu kuwa kamera ziko misheni. Kisha akawaeleza yote aliyoyasikia kwa Akida. Akawaomba wasijifiche safari hii; warudishe nyasi, wakoke moto, wasimame mashambani na majembe yao, hata kwenye yale mashamba yaliyopumzishwa, kwa kuwa Mdachi hakujua kuwa shamba hupumzika. Wakionekana, ardhi ingebaki kuwa yao. Wasipoonekana, ingechukuliwa.

Yakobo akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwaka jana karani alituambia tusimame nje tupate dawa ya ndui," alisema. "Tukasimama. Alihesabu vichwa, akaondoka, dawa hatukuiona. Leo unakuja wewe, shavu limekujaa wali wa Mdachi, unatuambia tusimame."

Wanawake wakacheka kidogo na kuendelea kubeba nyasi. Mama yake mdogo, Scholastika, hakucheka. Alitaka kujua kwa nini kamera zilikuwa mbili.

"Moja huona kwa upana, mama. Ya pili huona kwa mbali."

"Ya upana inatosha kuliona shamba," alisema Scholastika. "Hiyo ya pili inamtafuta nani?"

Kibwana hakuwahi kumuuliza bwana wake hilo. Kutojua kwake kulimharibia. Alipoondoka hakuna aliyemsindikiza, ingawa ilikuwa desturi yao kumsindikiza hata mgeni wasiyempenda, walau mpaka kwenye mgomba wa mwisho.

Kesho yake asubuhi Lugongo haukuwa na mtu. Kuta zilisimama wazi kama magofu, na mashamba yaliyopumzishwa yalifunikwa na nyasi. Bwana Lenk alisimamisha miguu mitatu ya kamera kwenye kilima cha ng'ambo ya mto, akajifunika kitambaa cheusi, akapiga kwa lenzi fupi.

"Bwana, hapa wanakaa watu," alisema Kibwana.

"Wako wapi?"

"Wamejificha."

"Umejuaje?"

Kibwana alimtazama Akida Ahmadi, ambaye alikuwa amegeuza sikio upande wao, akainamia kamba za mzega. Bwana Lenk akasema kuwa mtu hajifichi shambani kwake. Kisha akaipandisha kamera ya lenzi ndefu, akauelekeza mdomo wake kwenye mteremko uleule mtupu, akapiga tena, kipande baada ya kipande, kuanzia mtoni hadi msituni.

Walipoanza safari ya kurudi, mzega uliinamia nyuma. Kibwana alidhani ni kamba, akazifunga upya. Mzega ukainama tena. Akausogeza mti begani mpaka alama ya kisu ikamkaa kifuani, ndipo ukatulia. Bwana Lenk alipoona hivyo akamsimamisha, akaifungua kamera ya nyuma kutafuta kitu kilichoibwa na kufichwa humo. Hakuona kitu. Akamwambia atembee mbele, amwone.

Vioo vilisafishwa mjini, katika chumba kilichozibwa madirisha kwa mablanketi, Kibwana akimimina maji. Vya kamera fupi vilitoka vizuri: mteremko mtupu, kuta zisizo na mapaa, nyasi. Vya kamera ndefu vilitoka vizuri vilevile. Mteremko ulikuwa umejaa watu. Walikuwa wamejipanga kwa safu tangu mtoni hadi msituni, wengi wao wanawake, wakilima yale mashamba yaliyopumzishwa.

Kibwana aliwatambua kwanza kwa majembe. Katika ukoo wao, mtu akifa, mpini wa jembe lake huzikwa naye, na chuma hurithiwa na aliye hai. Watu wale wote walikuwa wakilima kwa mipini mitupu. Mama yake alikuwa karibu na mto, penye mwamba, na kando yake alikuwapo bibi yake, ambaye alikuwa ameinua kichwa na kuitazama lenzi kama amtazamaye mgeni aliyepita shambani pasipo kubisha hodi.

Bwana Lenk aliviangalia vioo kwa muda mrefu. Aliridhika na mwanga, kisha akaingiwa na shaka.

"Ulikwenda kwao jioni ile," alisema. "Uliwaambia waingie pichani."

"Niliwaambia, bwana. Hawakukubali."

"Wameingia."

"Hao sikuwaambia mimi," alisema Kibwana.

Bomani, mkubwa wa ardhi alizipanga picha mezani, za kamera fupi mkono wa kushoto na za ndefu mkono wa kulia. Kibwana aliitwa asimame karibu na mlango. Akida Ahmadi alikuwapo pia, na sasa alikuwa amekwisha kujua Kibwana ni mtoto wa nani, kwa kuwa watu wa Lugongo wenyewe walimweleza walipomshtaki mpwa wao kwake, kwamba amewauza.

Mkubwa aliuliza wale watu ni nani.

"Ni watu wa Lugongo, bwana," alisema Kibwana.

"Wako hai?"

Kibwana alifikiri. Akisema wako hai, askari wangetumwa kuwaleta, wasiwapate, na mjomba wake angechapwa viboko kwa kuwaficha. Akisema wamekufa, wangeondolewa mezani.

"Wanalima, bwana," alisema.

Mkubwa alichukua kioo cha kukuzia, akaiinamia picha, akawapitia safu kwa safu pasipo haraka. Alikuwa mtu mwangalifu, na hakuna aliyeweza kusema kuwa hakutazama. Mwishowe akamwita Bwana Lenk aje aone. Majembe hayakuwa na vyuma. Jembe lisilo na chuma halilimi, alisema mkubwa. Na kwa kuwa hawalimi, ardhi haijalimwa. Na kwa kuwa picha za mkono wa kushoto hazionyeshi mtu wala paa, Lugongo ni ardhi isiyo na watu. Akagonga mhuri. Akida akauliza kama watu wale wa mkono wa kulia watatozwa kodi. Akajibiwa kuwa jambo hilo litaangaliwa.

Siku chache baadaye Yakobo alishuka mjini na watu wake, wakiwa wamebeba nyasi za mapaa vichwani ili waonyeshe kuwa wana nyumba. Walikaa kwenye ngazi za boma. Waliambiwa kuwa uamuzi umekwisha kutolewa, kisha wakafukuzwa kwa kuchafua ngazi. Yakobo alimpita Kibwana njiani. Kibwana alimwamkia; mjomba hakuitikia.

Picha za kamera ndefu hazikuwa na kazi tena. Bwana Lenk, ambaye hakupenda kutupa kitu, aliviosha vioo vyake kwa magadi mpaka vikawa vyeupe, apate kuvitumia mara nyingine. Kamera haikupungua uzito. Aliijaribu katika stesheni ya reli na kwenye mlima mwingine, ikatoa stesheni na mlima, basi. Hata hivyo ilibaki nzito, na Kibwana akachonga alama mpya ya kisu kwenye mti, shibiri moja nyuma ya ile ya zamani. Njiani, wakipanda polepole, alisikia mgongoni sauti ndogo ya mipini ikigonga udongo. Bwana Lenk pia aliisikia, akamwagiza akaze kamba.

Baada ya masika, mlowezi alitaka shamba lake jipya lipigwe picha. Walipanda tena Matombo. Bwana Lenk sasa alipiga kwa lenzi fupi tu, lakini ile ndefu ilibebwa vilevile, kwa sababu hakumwamini mtu wa kumwachia nyumbani. Nguzo za mipaka zilikuwa zimesimikwa, na miche ya mpira ilikuwa imepandwa kwa mistari iliyonyooka. Kuta zilikuwa zimebomolewa. Watu wa Lugongo walikuwa mashambani wote mchana kweupe, kila mmoja na jembe lake, wakipalilia miche ya mlowezi. Bwana Lenk akasema kuwa safari hii picha itapendeza.

Alipokuwa ndani ya kitambaa chake cheusi, Scholastika alitoka katika mstari wake na kuja mahali Kibwana alipoutua mzega. Jembe lake lilikuwa na mpini mpya na chuma kikuukuu, kilicholika upande mmoja. Kibwana alikijua chuma kile tangu utotoni; kilikuwa cha bibi yake.

"Shikamoo, mama."

Scholastika alikawia, kisha akaitikia. Alizizunguka kamera zote mbili kama mtu azungukaye mbuzi wa kununua. Habari za vioo zilikuwa zimekwisha kufika Lugongo; akaiinamia ya nyuma, akaisikiliza.

"Yumo?" aliuliza.

"Yumo."

"Anafanya nini?"

"Analima."

"Upande gani?"

"Wa mtoni, mama. Karibu na mwamba. Anatayarisha pa kupanda maharagwe."

Scholastika aliutazama upande wa mtoni. Karibu na mwamba palikuwa na miche ya mpira, na msimamizi aliyeketi juu ya mwamba wenyewe, akiwa na fimbo magotini.

"Basi hajajua," alisema.

"Hajajua."

"Nani atamwambia?"

Msimamizi aliita kutoka kwenye mwamba, na Scholastika akalipandisha jembe begani.

"Mwambie wewe," alisema. "Wewe ndiye unayembeba."

Akarudi mstarini. Bwana Lenk alitoka kitambaani, akaikunja miguu mitatu, akasema jua linakwenda. Kibwana alizifunga kamera, akachuchumaa chini ya mti, akautafuta kwa kidole ule mkato wa nyuma, akainuka. Mzega ulitulia. Walishuka kwa njia ya mtoni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa fupi, na walipoupita mwamba, mipini mle ndani ikaacha kugonga. Kibwana alijua ni nani aliyeinua kichwa. Hakugeuka, wala hakumwambia neno, naye Bwana Lenk, aliyekuwa nyuma yake akimtazama bega, hakuona kitu cha kushuku.