Sekunde Nne za Chiriku

Kwenye kazi yetu ya kutunga muziki wa filamu kuna ugonjwa mmoja, nao huwapata waongozaji. Ukimpa mwongozaji wimbo wa kushikilia nafasi tu, hata kama umeuimba mwenyewe ukiwa na mafua, akishausikia mara ishirini kwenye chumba cha kuhariri anaupenda. Ukimletea mwimbaji wa kweli anakunja uso. "Ule wa mwanzo ulikuwa na kitu." Kitu gani? Hajui. Filamu yangu ya tatu ilikwenda sinema na sauti yangu mimi, mafua na yote, nikachekwa mpaka na mama yangu mzazi. Tangu hapo nikajiwekea sheria: mwimbaji wa kweli akishaimba, ile sauti ya kushikilia nafasi, sisi tunaiita ya kuongozea, naifuta kwa mkono wangu, siku hiyohiyo, pamoja na nakala zake. Niliringa na sheria hiyo. Niliwafundisha hadi wenzangu.

Filamu ya safari hii ilihusu maisha ya mkunga mmoja, marehemu, aliyezalisha karibu nusu ya mji kwa miaka arobaini. Familia yake walituambia kwamba mzazi akizidiwa na uchungu, mkunga alimkanda mgongo huku akimwimbia puani, wimbo usio na maneno. Hakuna aliyeukumbuka sawasawa, kwa hiyo niliutunga upya. Wa kuniimbia sauti ya kuongozea akawa mdogo wangu, Chiriku.

Chiriku alikuwa fundi cherehani. Jina hilo tulimpa utotoni kwa sababu mdomo wake haukujua likizo: asipoongea anaimbia puani, asipoimbia puani ujue amelala. Alikuja studio mchana mmoja, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni na nyuzi zimemganda kwenye sketi. Akaimba mara moja tu, dakika tatu, kisha akauliza kama kuna chai.

Wiki iliyofuata akaja mwimbaji wa kweli, mama mmoja mwenye sauti nzito, tulivu, isiyokosea. Nikamvalisha hedifoni, akawa anamsikia Chiriku masikioni na kuimba juu yake. Chiriku mwenyewe siku hiyo alikuwa amekaa kwenye kochi nyuma yangu. Alifuata mwavuli aliousahau. Mwimbaji alipomaliza na kutoka, Chiriku akaniona napeleka kidole kwenye kompyuta.

"Kaka, umeshanifuta?"

"Nimeshakufuta."

"Hata kuniaga hujaniaga!"

Tukacheka mpaka fundi sauti akatutoa nje.

Siku kumi na tisa baadaye alishikwa na homa. Alilazwa Jumatatu, Alhamisi tukamzika.

Tulipotoka makaburini mama alinishika mkono. "Ule wimbo aliokuimbia mwenzio, upo?"

"Upo, mama."

Sikupanga kumdanganya. Mdomo ulitangulia akili, basi. Na alikuwa na haki ya kuuliza, maana sauti nyingine ya Chiriku hatukuwa nayo. Ujumbe wa sauti hakuwahi kutuma hata mmoja, alisema huo ni uvivu, yeye anapiga simu. Kwenye video za harusi yuko nyuma anamrekebisha bibi harusi gauni, na vigelegele vimefunika kila kitu.

Filamu ilipotoka tulimpeleka mama kwenye onyesho la kwanza. Alitoka amenuna. "Mwanangu anaimba, wao wanapiga domo juu yake. Adabu gani hiyo?"

"Kwenye albamu ya muziki wa filamu hakuna anayeongea, mama. Ni muziki mtupu."

"Basi nitaingoja albamu."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nilipekua kompyuta zote za studio, diski za akiba, hadi zile mbovu za kabatini. Siku ya tatu fundi sauti akaniambia taratibu, "Bosi, ulifuta wewe. Na wewe ukifuta, unafuta." Nilitamani kumtukana, lakini kosa lake lilikuwa nini? Sheria ilikuwa yangu.

Ni yeye aliyepata lile wazo. Akafungua sauti ghafi ya mwimbaji, kabla ya kusafishwa. Mwimbaji alikuwa ameuacha mstari wa kwanza upite ili ashike sauti, na hedifoni ilikuwa imefunguliwa juu mno, ikavuja, maikrofoni ikanasa. Sekunde nne. Chiriku alisikika kwa mbali, kama mtu anayefua nguo ua wa jirani. Halafu mwimbaji anafungua kinywa na Chiriku anafunikwa, wala hajitokezi tena. Nililia pale pale mbele ya fundi, mtu mzima na ndevu zangu.

Kwenye filamu sekunde hizo zilikuwa zimesafishwa kama uchafu. Nikataka zirudi kwenye albamu. Mwongozaji akanishangaa. "Albamu nzima safi, halafu wimbo wa tisa uanze na kelele?"

"Kelele hiyo ni mdogo wangu."

Akakubali.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea mama albamu, na spika yangu nzuri kwapani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia ukweli: nilimfuta kwa mkono wangu, anayeimba ni mtu mwingine, ila mwanzoni, mama, ukitulia, mwenyewe yupo. Nilimkuta amevaa nguo ya kutokea, amefunga madirisha na kuzima feni ili pasiwe na sauti nyingine yoyote.

"Mama, kuna jambo. Lakini kwanza sikiliza mwanzo wenyewe, wa mwanzo kabisa."

"Nasikiliza, baba."

Nikabonyeza. Moja. Mbili.

"Mbona haianzi? Au umekatika umeme?"

Na yule mwimbaji akaingia. Mama akajishika kifua, machozi yakamtoka. "Ndiye! Ndiye huyo mwanangu. Jamani, mtoto wangu!"

"Mama..."

"Nyamaza nimsikie."

Wimbo ulipokwisha nikarudisha mwanzo. Nikamsogezea spika sikioni na kumwomba asiseme neno. Masikio yake yana miaka sabini na minne. Akainama, akakunja uso.

"Hapa kama kuna mbu. Hii spika yako mbovu."

Ule ukweli niliokuwa nimeupanga njia nzima nikaumeza. Nitamwambia nini? Kwamba anayemlilia ni mwanamke asiyemjua, na kwamba mbu ndiye mwanawe? Nilimfuta binti yake mara moja. Sikuwa na moyo wa kumfuta tena.

Sasa mama huupiga wimbo wa tisa kila asubuhi akichambua mchele. Majirani wakija anawaonyesha: "Mnasikia anavyovuta pumzi hapo? Alikuwa hivyohivyo tangu mdogo." Chiriku hakuvuta pumzi vile hata siku moja. Wanaitikia kwa kichwa, wengine wanalia naye, nami nimekaa pale kama mwizi anayepewa chai. Lakini hilo nalivumilia. Linalonimaliza ni kwamba nikikaa peke yangu na kujaribu kumkumbuka Chiriku, tepu shingoni, anaimbia puani, inayonijia ni ile sauti nzito, tulivu, isiyokosea. Yake imeanza kuniponyoka. Zimebaki zile sekunde nne, na kila Jumamosi huenda kwa mama ili nizisikilize kwenye chumba alichokulia.

Jumamosi iliyopita nilijisogeza karibu na spika kama kawaida. Mama akaweka ungo chini.

"Baba, hebu ruka hapo kwenye kelele. Nianzishie kwa mwanangu."

Nikanyoosha kidole, nikaruka.