Vidole Viwili Chini ya Kidevu

Nalala chali sakafuni, juu ya mkeka, mto mdogo chini ya magoti, mikono nimeiachia ubavuni kama Deogratias alivyonielekeza. Deogratias ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Jana nilimpelekea shingo yangu iliyokaza, shingo ya mtu anayeandika kutwa amejikunja mezani, na alinitazama nikiingia mlangoni tu, hata sijakaa, akasema, Dada Zaituni, wewe unapumua kama mtu anayeiba. Nilimjibu kwa ukali, maana sipendi kuambiwa neno zuri ambalo sikulitunga mimi. Alicheka. Akasema kila siku baada ya chakula cha mchana nilale hivi kwa robo saa, nivute pumzi kwa hesabu ya nne, niiachie kwa hesabu ya sita, mpaka tumbo lipande na kushuka lenyewe. Leo ni Ijumaa, jua limesimama juu ya bati, jirani anatwanga kitu uani, na mimi navuta moja, mbili, tatu, nne, naachia, navuta tena, na mlio wa mchi unaingia ndani ya hesabu yangu, na mahali fulani kati ya tano na sita sakafu inalegea kama unga uliokandwa, inanipokea, napita.

Nipo barabarani. Barabara haina mwanzo wala mwisho, na inapumua. Inapanda na kushuka chini ya nyayo zangu kama ubavu wa mnyama aliyelala, na kila inaposhuka mji unatokea, na kila inapopanda mji unayeyuka na mwingine unakuja, na miji yote kuta zake ni vioo. Ndani ya vioo watu wanapita. Hawana nyuso, hata mmoja, lakini nawajua kwa mwendo wao. Yule anayeburuta kisigino cha kushoto ni mwalimu wangu wa chuo. Yule anayetembea amekumbatia kifuko chake tumboni, kama kuna anayetaka kumnyang'anya, ni jirani yangu wa uani. Mama yangu anapita, marehemu, mikono inacheza, nyonga imetulia, kichwani hana kitu lakini anatembea kama aliyebeba ndoo ya maji asiyotaka yamwagike. Nyuma yake anapita mtu aliyepinda kama ndoana, kidevu kimetangulia, mabega yamefunga kifua kama milango miwili, na namhurumia, nasema, maskini, huyu naye ni nani, mpaka ninaposimama naye anasimama, na ninapoinua mkono naye anainua.

Sipendi kioo kile. Naendelea kutembea, na ninapotembea najua ninachokitafuta, kama unavyojua ndotoni bila kuambiwa. Namtafuta Saumu, mdogo wangu wa tumbo moja. Kwetu Pangani, katika nyumba yetu, kuna ada. Bi harusi anakaa siku saba za fungate ameinamisha kichwa chini ya kanga, macho yake hayaoni ila vidole vya miguu yake. Siku ya saba, kabla hajatoka kuwaona wageni, dada yake mkubwa anaweka vidole viwili chini ya kidevu chake, anakiinua polepole mpaka shingo isimame, halafu anamwambia, vuta pumzi, nyumba ni yako. Basi. Akishainuliwa, hakuna wa kumwinamisha tena, si mume, si mawifi. Kazi hiyo ni ya dada wa tumbo moja, hafanyi mwingine. Ilikuwa kazi yangu. Lakini mimi nilikuwa na hasira na Saumu, maana aliacha chuo cha ualimu mwaka wa pili akaolewa, baada ya mimi kumhangaikia ile nafasi, na siku ya sita nikaingia chumbani kwake na ulimi wangu. Aliniambia kutoka chini ya kanga, Dada, kesho usichelewe, shingo inaniuma. Nikamwambia, umetaka mwenyewe kuinama, basi inama. Nikachukua begi langu nikapanda basi la asubuhi. Bi Mwanakombo, somo wake, yule aliyekaa naye siku zote saba, hakuthubutu kumgusa. Mkono wangu haukutoka tumbo la mama yake, alisema, nikimwinua mimi nitakuwa nimemwinua nani? Saumu akatoka mbele za watu ameinama, na watu wakasifu. Mtazame, ana adabu huyo! Wakasifu mwezi, wakasifu mwaka, na sifa zikamgandisha palepale. Huu ni mwaka wa tano. Msichana aliyekuwa akiita mtu ng'ambo ya mto na mtu akageuka, leo anaongea kwa sauti inayoishia kooni. Hospitali wamempima mapafu, wamempima moyo, wakasema vizima. Nikimpigia simu ananiambia, siumwi dada, nimepungua tu.

Barabara inashuka. Mbele yangu amesimama kiongozi wa njia, mtu mrefu, kanzu nyeupe, na mahali pa uso pana ngozi tupu, laini kama goti la mtoto. Amenyooka bila kujikaza, kama uzi uliofungwa jiwe, na namchukia kwa sababu ya kusimama vizuri namna ile. Karibu, mwenye maneno, ananiambia, nimesikia una stashahada. Namwambia, ninayo, na nina haraka, Pangani ni njia ipi? Anasema, kitendawili. Nasikia furaha ya zamani ikinipanda, maana hajazaliwa wa kunishinda kwa vitendawili, si nyumbani, si chuoni. Tega, namjibu. Anasema, mgeni wangu haombi ruhusa, anaingia na kutoka kutwa kucha, na siku atakayotoka asirudi, mwenye nyumba ndiye atakayehama. Pumzi! namwambia kabla hajamaliza, hicho cha watoto, leta kingine. Anasema, jina lake nalijua, sikukuuliza jina, nionyeshe. Navuta hewa. Mabega yananipanda mpaka masikioni, kifua kinajaa juujuu, tumbo limekaza kama ngozi ya ngoma. Kiongozi anainamisha kichwa kama anayetega sikio mlangoni. Mgeni wako umemkalisha barazani, anasema, ndani hajafika. Umekosa. Nipe mji.

Nampa Kigoma. Anacheka mpaka kanzu inatikisika. Kigoma umefika lini, wewe? Mji wa wenzako hautolewi, toa wako. Nahesabu miji yangu na ni mitatu tu: Morogoro nilikosomea, Dar es Salaam ninakoishi, Pangani nilikozaliwa na aliko Saumu. Nampa Morogoro, wala sifikiri sana. Anaghani kama desturi inavyotaka, nimekwenda Morogoro, wenyeji wamenipokea, nimekaa kwenye dawati lako la dirishani, na hapo ndipo ulipojifunza kuandika huku umezuia pumzi. Vioo vya mkono wa kushoto vinazimika. Mwalimu aliyeburuta kisigino simwoni tena. Nataka kukumbuka jina lake, na mahali pa jina lake pana ngozi tupu.

Barabara inapanda, inashuka, na kiongozi yupo tena mbele yangu, au mwingine aliyesimama kama yeye. Kitendawili, anasema. Tega, namjibu, safari hii kwa sauti ndogo. Fimbo yangu ina pingili kama muwa, anasema, nikiisimamisha wananiona, nikiikunja hata mwenyewe sijioni. Namwambia, uti wa mgongo. Nionyeshe, anasema. Nami najua la kufanya, sijawahi kukosea mara mbili maishani mwangu, najibana, natoa kifua mbele, nainua kidevu juu kama askari wa gwaride, kama ninavyosimama mbele ya kila aliyewahi kunidharau. Ananizunguka taratibu. Ananigusa kwa kidole kimoja katikati ya mgongo, nami nayumba, nakaribia kuanguka. Aa, anasema, huo ni mgongo wa ugomvi. Mimi nilitaka wako. Namwambia, huo ndio wangu, sina mwingine! Sauti yangu inatoka nyembamba, inatoka kooni, na naijua sauti hiyo, nimeisikia kwenye simu miaka mitano. Nipe mji, anasema. Nampa Dar es Salaam. Nampa chumba changu, meza yangu, karatasi zangu, mkeka ninaoulalia. Anaghani, nimekwenda Dar es Salaam, wenyeji wamenipokea, nimemkuta mwanamke sakafuni anahesabu, nimemwacha anahesabu. Vioo vya mkono wa kulia vinazimika, na mlio wa mchi, ambao ulikuwa nami safari nzima bila mimi kujua, unakatika.

Sasa kuna kioo kimoja tu mbele, na ndani yake kuna chumba, na ndani ya chumba kuna kitanda cha besera, cha nguzo nne na pazia juu, kilichotandikwa shuka nyekundu, na Saumu amekaa ukingoni, kanga kichwani, anatazama vidole vyake vya miguu. Kiongozi amesimama kati yetu. Ukikosa hiki, ananiambia, unajua mji uliobaki. Namwambia, mwondoe huyu kwenye mchezo, nicheze mimi. Anasema, ulipoondoka na begi lako ulimwondoa? Anasema, kitendawili. Hangoji niseme tega, anatega: nilimfunga mtu bila kamba, nikaondoka na ufunguo, na ufunguo wenyewe ni nyama na mfupa.

Jibu nalijua. Linanijia ulimini limekamilika, na pambo juu yake. Nafumbua mdomo, halafu naufumba. Kwa mara ya kwanza naacha jibu lipite bila kulisema. Nasimama tu. Naziachia nyayo ziguse chini yote, kisigino na kidole gumba na kile kidogo cha mwisho. Naachia magoti, naachia taya, ambayo sikujua kuwa nimeikaza, na naachia tumbo, ambalo nimelibana tangu asubuhi ile ya basi. Hewa inaingia. Inapita barazani, inapita ukumbini, inashuka mpaka chumba cha ndani kabisa, na huko inamkuta aliyekuwa amejifungia, na aliyejifungia ni majuto, wala si hasira kama nilivyodhani. Hayana ukubwa niliouogopa. Yamekaa kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Nalia, na ninapolia mbavu zinafunguka moja moja, na mgongo unapanda wenyewe, bila amri yangu, pingili juu ya pingili, mpaka kichwa kinakaa mahali ambapo mama alikuwa akikibeba chake. Nainua mkono. Namwonyesha kiongozi vidole viwili. Anasogea pembeni.

Naingia chumbani. Kunanuka udi wa siku ile. Saumu, namwita. Anasema bila kuinua kichwa, umechelewa dada. Namwambia, najua. Anasema, wageni wameshakula, wameshaondoka, wengine wameshakufa. Namwambia, najua, Saumu. Anacheka kidogo, kicheko cha pumzi tupu, anasema, leo unajua kila kitu kwa unyenyekevu, umepatwa na nini? Namwekea vidole chini ya kidevu. Ni kizito kama mlango wa zamani. Nainua, na shingo haitaki, imekaza, na anashtuka, anakamata mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Polepole, anasema, unaniumiza. Nimeshazoea kuijua njia kwa kutazama miguu yangu, ukiniinua ghafla nitajikwaa na watu watanicheka, nitakuwa mkubwa mzima ninayejifunza kutembea. Namwambia, hata mimi nimejifunza kusimama sasa hivi tu, hapo nje, muulize yule bwana asiye na uso. Anasema, mwongo wewe, unajua kusimama tangu utotoni, wewe ndiye uliyekuwa ukisimama kwa ajili yetu sote. Nakaa kando yake kitandani, bega kwa bega, vidole vyangu palepale. Namwambia, basi tusiinue. Tupumue kwanza. Navuta, na baada ya kitambo naye anavuta, fupi, ya barazani, halafu nyingine ndefu kidogo, halafu bega lake linashuka kando ya langu, na pumzi zetu zinakutana kama wakati tulipolala kitanda kimoja, na kidevu kinapanda. Upana wa ukucha. Upana wa kidole. Naona mdomo wake, naona ncha ya pua, naona unyevu kwenye kope za chini. Nasema, vuta pumzi, nyumba ni, na kabla sijamaliza, kabla macho yake hayajafika machoni mwangu, barabara inapanda chini ya kitanda.

Nipo sakafuni. Chali, mkeka, mto chini ya magoti. Uani kimya, hakuna mchi. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia vina joto, na mikono miwili ya Saumu iliyonikamata imeacha alama nyekundu kwenye kifundo cha mkono, au nimekilalia. Naketi, namtafuta Saumu kwenye simu, inaita, inaita. Haloo, dada, anasema. Namwambia, Saumu, naomba unisamehe kwa siku ya saba. Nasikia akivuta pumzi, na sijui kama ni fupi au ndefu, simu haisemi. Halafu anasema, ajabu, nilikuwa nimelala, nimeamka shingo inaniuma, hapa chini ya kidevu. Namwambia, nakuja kesho, nikukute ulivyo, usijiinue wala usijiinamishe kwa ajili yangu. Anasema, miaka mitano nimekungoja, kesho si mbali. Utatokea wapi?

Nataka kumwambia jina la mji. Nageukia ukutani, pale ninapotundika cheti changu cha chuo, na kwenye karatasi kuna jina langu, na mahali pa jina la chuo pana weupe mtupu, laini. Nakwenda dirishani. Kuna barabara, kuna mabati, kuna watu wanapita, na jua liko nyuma yao, sizioni nyuso zao. Dada, anaita Saumu, upo? Nawatazama wanavyotembea, mmoja mmoja, natafuta hata mmoja ninayemjua. Nipo, namwambia, na ninaposema hivyo nimenyooka, na pumzi imefika chumba cha ndani, lakini mji huu nilishautoa.